Ushahidi wa Mwenye Wivu

Sebuleni kwa mama yangu kuna kalenda, na kwenye kalenda kuna uso wa Enesia Mligo. Umeanza Januari na haubanduki mpaka Desemba. Anatabasamu, ameinua gumba lenye pete nyeupe, na chini yake wameandika kwa herufi kubwa: MIKONO MITUPU, NJIA NYEUPE. Picha yangu ya mahafali, mimi na joho la stashahada, ndiyo iliyokuwa kwenye msumari ule. Sasa imeegemezwa nyuma ya redio. Naonekana kipaji cha uso tu.

"Msumari ulikuwa mmoja," mama alisema aliponiona nimekodoa macho.

"Misumari inauzwa, mama."

"Yusta, usianze. Kaa. Leo nina jambo."

Nikakaa, nikaipa kalenda mgongo. Mama alikuwa amevaa pete yake ya gumba, kama sisi wote tuliomo kwenye Mkataba: wakulima, wenye maghala ya kufungashia, wenye mabehewa, madereva, mabwana shamba, watu wa benki, wakaguzi. Yake ilikuwa imekwaruzwa na jembe, lakini iling'aa nyeupe.

"Baraza la Mkataba limetuita Alhamisi," alisema. "Ushirika mzima wa Idunda. Maparachichi yetu yamefika tena bandarini yameoza. Wanasema tunachanganya mabovu na mazima makusudi, tunawaharibia wenzetu jina. Wanataka kutuvua pete."

Hakulia. Mama yangu halii, husugua magoti. Alikuwa anayasugua.

Asiye na pete hapandishi mzigo kwenye treni ya Makambako. Anarudi kwenye maisha ninayoyakumbuka vizuri: lori kusimamishwa kila kizuizi, kila kizuizi na mtu wake na mkono wake, na mwisho mama anamwaga mavuno korongoni huku nzi wakisherehekea. Mkataba ndio uliofuta yale. Siku wafanyabiashara, wakulima na serikali walipokubali kuvaa pete ya aina moja, treni ilianza kushuka kutoka nyanda za juu mpaka baharini bila mtu kunyoosha mkono dirishani.

"Mmechanganya mabovu?" niliuliza.

"Nikuzabe?"

"Nauliza kama watakavyouliza wao."

"Nimechuma mwenyewe. Kila moja nimelishika kwa mkono huu." Akainuka, akaingia jikoni, akatoka na mkungu wa ndizi. "Mpelekee Enesia. Mwambie mama yako wa Idunda anakusalimu. Yeye ndiye Mshika Lakiri, akisema neno moja Baraza litasikia. Na chuoni mlilala chumba kimoja, hawezi kukutupa."

Alipoutia mkungu mikononi mwangu, gumba langu lilipata moto. Pete yangu iligeuka rangi ya chungwa. Na yake pia.

"Hata ndizi?" alifoka. "Yaani niende kwa mtu mikono mitupu kama sikulelewa?"

"Tatizo si ndizi, mama. Ni hilo neno moja unalolitaka."

Pete inasoma damu na sauti. Mtu akitoa kitu huku moyo wake unasubiri kingine, inajua. Rangi ya chungwa ni onyo. Ikiwaka nyekundu, pete zote za Mkataba zinalia kwa pamoja, Njia Nyeupe inafungwa, treni zinasimama zilipo mpaka shauri liishe, na hasara inamgusa kila mmoja. Ndiyo maana kila mtu ni mlinzi wa mwenzake. Mama aliurudisha mkungu jikoni akinung'unika, na rangi ikafifia.

"Nenda hivyohivyo basi," alisema. "Yule mtoto ana roho nzuri." Akaitazama kalenda kama watu wanavyotazama picha ya mtakatifu. "Angekuwa wangu..."

Hakumalizia. Sikuhitaji amalizie.

*

Mimi ni fundi wa pete katika Bandari Kavu ya Makambako. Pete ikichoka naiamsha, na jicho la mlango wa behewa likishindwa kusoma pete nalitibu. Kesho yake asubuhi Nuhu, fundi mwenzangu, alinipigia mluzi kutoka reli ya mwisho. Jicho la behewa moja lilikuwa limegoma. Behewa lilikuwa la Kastori Luambano, na ndilo lililopeleka mzigo wa Idunda.

Mlangoni bado palikuwa na lakiri nyeupe ya Enesia ya safari ile. Lakiri ile haibandikwi na mashine. Mshika Lakiri anafungua behewa, anaingia ndani, anakagua baridi, kisha anagandamiza gumba lake mlangoni. Akishagandamiza, hakuna anayelifungua tena njiani mpaka baharini. Watu wote wa Mkataba wamekabidhi macho yao kwa gumba moja.

Tulilazimisha mlango. Harufu ilitupokea kwanza, ile harufu tamu ya tunda lililokata tamaa. Tukapita mpaka mwisho, panapokaa feni ya baridi. Nuhu alimulika tochi, akasogea, akapapasa.

"Dada," alisema. "Hii feni imechorwa."

"Nimeona."

"Ni bati. Mapanga yamepigwa brashi. Na kivuli kaweka! Huyu fundi rangi anapoteza muda huku, angechora makanisa."

Mabehewa mengine mawili ya Kastori yalikuwa hivyohivyo. Baridi hayana, bati yanalo, lakiri yanayo. Mtu hawezi kuingia mle na macho mawili akatoka hajui. Kwa hiyo Enesia hakuingia, au aliingia akayafumba macho. Na mtu hafumbi macho bure. Lakini pete yake haijawahi kugeuka hata rangi ya chungwa. Wanaisifu hadharani. Kuna wimbo wa watoto wa shule kuhusu pete ya Enesia.

Nilikaa juu ya reli nikifikiri. Ndipo nikakumbuka gari.

Kastori ni Mngoni. Sisi ni Wabena. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, wakatubakishia utani. Mngoni akifiwa, Mbena anakwenda kumtukana, kumnyang'anya, kujilaza kaburini na kudai chake ndipo ainuke, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Anacheka huku machozi yanamtoka. Ni dawa ya msiba.

Mama yake Kastori alipofariki, tulikwenda. Enesia alivaa sweta la marehemu, akachukua fimbo ya marehemu, akatembea mwendo wa marehemu hasa, ule wa nyonga moja. "Kastori!" akakaripia kwa sauti ya yule bibi. "Umekuja kunizika na viatu vichafu?" Watu walianguka kwa kicheko. Kastori mwenyewe alishika tumbo. Kisha Enesia akatia mkono mfukoni mwa Kastori, akachomoa funguo za gari, lile la buluu linalojiendesha. "Mngoni, leo unarudi kwa miguu, mbio, kama babu yako alipomwona babu yangu!"

Makofi. Vigelegele. Pete zote nyeupe.

Nyeupe kwa sababu zilikuwa zimelala. Msiba wa kwanza baada ya Mkataba, watani walipoanza kunyang'anyana mikeka, pete ziliwaka nyekundu wilaya nzima na treni zikasimama kutwa kwa ajili ya mkeka. Ikabidi iandikwe Kanuni ya Watani: pete ikisikia matusi ya utani msibani au harusini, ilale mpaka yaishe. Niliiandika mimi. Nilikusanya matusi kutoka kwa bibi yangu, tusi moja moja, nikaifundisha pete kuyatofautisha na ugomvi wa kweli. Enesia aliisoma tu mbele ya Baraza, kwa sababu sauti yake inateleza na yangu inakwaruza. Baraza lilisimama kumpigia makofi. Wakampa kiti cha Mshika Lakiri. Leo inaitwa Kanuni ya Enesia.

Na pale msibani mimi nilikuwepo. Mimi pia ni mtani wa Kastori. Nilikuwa nimeandaa tusi langu, zuri, kuhusu Wangoni na vita ya mwisho. Nilifungua kinywa. Hakuna shingo hata moja iliyogeuka.

Lakini utani una adabu yake. Kilichonyakuliwa hukombolewa. Mfiwa analeta kuku, mnacheka tena, anarudishiwa chake. Koti la mjomba wake Kastori, lililonyakuliwa siku ileile, lilikombolewa kabla matanga hayajaanuliwa. Kipupwe kimepita, mvua zimekuja, na gari la buluu bado liko uani kwa Enesia.

*

Nilimkuta anamwagilia maua, gari nyuma yake linameta kama limepakwa mafuta. Alinikumbatia. Ananukia vizuri, na hata hilo linaniudhi.

"Shoga yangu! Umepotea. Mama hajambo?"

"Anasugua magoti."

"Idunda. Najua." Alishusha uso. Ana namna ya kushusha uso ambayo mtu akiiona anataka kumfariji yeye. "Inaniuma, Yusta. Lakini Alhamisi sitaweza kuwapendelea."

"Nimeingia kwenye mabehewa ya Kastori."

Maji yaliendelea kumwagika sehemu moja mpaka ua likainama.

"Feni zimechorwa," nilisema. "Na lakiri ni yako."

Aliweka ndoo chini. Hakukana. Enesia ni mwerevu kuliko kukana. "Nilichelewa siku zile. Mizigo mingi. Kastori aliniambia feni ni mpya, nikagandamiza. Ni uzembe, nakubali."

"Na gari?"

"Gari ni utani. Ulikuwepo, ulicheka. Na kanuni umeiandika mwenyewe!" Hilo alilisema kwa mara ya kwanza tangu kanuni ile iwepo. Hatukuwa na shahidi, bila shaka. "Gari na lakiri havijuani, Yusta."

"Mbona hajalikomboa?"

"Muulize yeye." Akanisogelea, akapunguza sauti. "Sikiliza. Unataka nini hasa? Unataka Idunda ipone? Itapona. Alhamisi nitasimama mwenyewe niseme feni zilikufa, kosa si la wakulima. Mama yako atabaki na pete yake. Mabehewa nitayaondoa njiani. Wewe usinitaje tu, na mimi nita—"

Pete yake iligeuka rangi ya chungwa. Tuliitazama wote wawili, kama watu wawili waliosikia mlango ukifunguka chumba cha pili. Akaufunga mkono ngumi, akautia mfukoni.

"Unaona?" nilisema.

"Naona mtu ambaye tangu chuoni hajawahi kunifurahia kwa chochote." Sauti yake haikuteleza tena. "Idunda ingepona bila jina langu. Wewe unalitaka jina langu. Kwa nini? Haya, nenda. Kapeleke malalamiko. Utapita kwenye Chujio, na Chujio litakusoma roho. Unajua litakachokuta."

Nilijua.

*

Chujio liko mlangoni mwa ukumbi wa Baraza, jiwe jeusi lenye shimo la kuingiza mkono. Mwaka wa kwanza wa Mkataba watu walisingiziana mpaka maghala yakafungwa: huyu kamtaja jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, yule kamtaja mwenzie wa biashara kwa sababu ya mwanamke. Wakatuletea Chujio. Kila mwenye shutuma anatia mkono, anasema neno lake, nalo linasoma kwa nini analisema. Likikuta chuki au wivu, shutuma inatupwa kabla haijasikilizwa.

Alhamisi asubuhi Nuhu alinipa kidonge kidogo cha kijani. "Madereva wa masafa wanatumia. Kinashusha moyo. Meza, Chujio litakuona malaika."

Nilikishika kiganjani njia nzima. Fikiria upuuzi wake: ili niseme kweli kuhusu Enesia, nidanganye kuhusu mimi. Niingie ukumbini na moyo wa kuazima, nitoe ushahidi safi wa mtu ambaye si mimi. Na nisipomeza, ukweli unatupwa kwa sababu aliyeubeba ana wivu. Ningeweza pia kusema habari za feni peke yake, nikamwacha Enesia, mama akapona, nikaenda nyumbani. Chujio lisingepinga hilo. Msimu ujao Mngoni mwingine au Mbena mwingine angefiwa, gari jingine lingenyakuliwa, na ushirika mwingine ungeitwa kueleza kwa nini maparachichi yake yameoza. Na uso ule ungebaki ukutani kwa mama.

Sababu hizi mbili, ya ushirika mwingine na ya ukuta wa mama, nazieleza kwa uzito sawa, kwa sababu zote mbili zilikuwemo.

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikuwa Mama Skolastika Haule, mwenye maghala makubwa, mwanamke wa Songea anayesikiliza akiwa amefumba macho. Wakulima wa Idunda walikaa mstari wa nyuma kama watuhumiwa, mama katikati. Kastori mbele, suti ya kijivu. Enesia kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Watu waliokuwa wanapita walimgusa bega. Mimi niliingia na kapu, na ndani ya kapu kuna kuku.

Nilitia mkono kwenye Chujio. Ni baridi kama tumbo la samaki.

"Mabehewa ya Kastori Luambano hayana feni," nilisema. "Enesia Mligo aliyapitisha kwa sababu alipewa gari. Alilipokea mbele yetu sote, na sote tulicheka."

Ukumbi ulivuta pumzi. Chujio lilitafakari kidogo, kisha likatamka kwa ile sauti yake isiyo na jinsia:

"Wivu. Mwingi. Shutuma haisikilizwi."

Kuna aliyecheka. Mtu wa benki, nadhani. Mama aliinamisha kichwa, na sikujua kama ni kwa aibu yangu au kwa Enesia. Enesia alinitazama kwa huruma. Kwa huruma! Afadhali angenitemea mate.

"Rudi ukakae, binti," Mama Haule alisema bila kufumbua macho.

"Sirudi, Mama Mwenyekiti. Shutuma imetupwa, sawa. Sasa sishutumu. Nina kuku."

Akafumbua jicho moja. "Una nini?"

Nilimtoa kuku kapuni, nikamweka mezani mbele ya Kastori. Alikuwa ametulia kuliko mtu yeyote ukumbini. Kidonge cha Nuhu nilimpa yeye.

"Bwana Kastori, mimi pia ni mtani wako, ingawa hukuwahi kunisikia. Nakukopesha kuku. Mpe Enesia, ukomboe gari lako. Watu wazima hatuachi utani ukining'inia."

Kicheko kikazuka, cha kweli safari hii. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mngoni, lipa! Umetembea kwa miguu vya kutosha!" Hata Mama Haule alitabasamu. Mimi niliyaangalia magumba. Pete zote nyeupe, na zote macho: hakukuwa na msiba pale, hakukuwa na harusi, kwa hiyo kanuni yangu haikuwa imezilaza.

Kastori alimtazama kuku kama anatazama nyoka. "Ah, hapa si mahali pake."

"Kukomboa hakuna mahali," alisema Mama Haule.

"Nitalifuata siku nyingine, dada."

"Gari lako mwenyewe?"

"Nimemwachia tu. Ni utani."

Pete yake iligeuka rangi ya chungwa. Kicheko kilikatika kama kimekanyagwa. Mama Haule alifumbua macho yote mawili, na sikuwahi kujua ni makubwa kiasi kile.

"Kastori," alisema taratibu. "Mimi ni Mngoni kama wewe. Tangu nizaliwe sijamwona Mngoni akimwachia Mbena hata kijiko. Mpe kuku. Chukua funguo. Tuendelee na Idunda."

Enesia alisimama kwanza. Namvulia kofia kwa hilo: alielewa kabla ya Kastori kwamba gari likirudi pale, hapo hapo, kila kitu kinaweza bado kuitwa utani. Alitoa funguo kwenye mkoba, akazinyoosha, akatabasamu kama kwenye kalenda. "Haya, Mngoni, umekuja na kuku wa kuazima, huna hata aibu! Chukua."

Na Kastori, mjinga wa Mungu, aliyasoma yale kwa akili ya biashara. Aliona mtu anayerudisha bidhaa. Aliona mabehewa yake yakibaki bila mlinzi. Akausukuma nyuma mkono wa Enesia.

"Kaa nazo, Enesia. Sisi si tulishaelewana?"

Moto ulinishika gumbani. Nyekundu. Yake, ya Enesia, yangu, ya mama kule nyuma, ya kila mtu ukumbini, zikilia sauti moja ya juu inayoingia mpaka kwenye meno. Nje honi ya treni ilijibu, kisha nyingine mbali zaidi, na magurudumu yakasaga reli, yakasaga, yakanyamaza. Njia Nyeupe ilikuwa imefungwa.

Nuhu aliwapeleka wajumbe kwenye mabehewa. Walirudi wananuka. Mama Haule alitamka kwamba Idunda haina kosa, pete zao zisiguswe, Kastori atoke kwenye Mkataba na bati lake, na Enesia avue ya kwake pale pale. Wakulima wa mstari wa nyuma walikumbatiana. Nilimtafuta mama kwa macho, nimwone akifurahi.

Hakuwa mstari wa nyuma. Alikuwa ameshafika mbele, amepiga magoti kando ya kiti cha Enesia, anamfuta machozi kwa ncha ya kitenge chake. Enesia alikuwa analia, na kulia kwake kulipendeza. Mtu wa benki alimletea maji. Mtu mwingine alimfunika bega kwa koti. Mimi nilisimama peke yangu na kuku aliyelewa.

"Bado jambo moja," Mama Haule alisema, na alilisema kwa uzito, sitamsingizia kwamba alifurahia. "Chujio limemkuta shahidi na wivu. Kanuni haijali kama alichosema kimethibitika. Mwenye wivu anamwomba radhi aliyemtaja, mbele ya Baraza, ili Mkataba usije ukaendeshwa na roho za namna hiyo. Asipoomba, anavua pete. Yusta."

"Na treni zimesimama," alisema mwenye maghala mmoja. "Mizigo yetu yote imekwama juani kwa ajili ya roho yake. Angalau aseme neno."

Mama aliniinulia uso. Macho yake yalikuwa mekundu. Kwa Idunda hakulia, kwa Enesia alilia.

"Mwombe tu, mwanangu," alisema. "Neno moja. Yaishe. Mtoto wa watu amevunjika."

Nilimtazama Enesia. Bila pete gumba lake lilikuwa na duara jeupe, laini kama la mtoto, na nilitaka hata lile duara liwe langu. Chujio halikukosea. Tangu chuoni nimetaka sauti yake, kiti chake, msumari wake ukutani kwa mama. Nimemwonea wivu akiwa juu, na sasa hivi, akiwa chini na mama yangu miguuni pake, namwonea zaidi. Angekuwa hakula gari, ningekuwa na wivu nyumbani kwangu, kimya, na usingemdhuru hata unywele. Ila alikula. Na kati ya watu wote waliompenda ukumbini mle, waliomgusa bega, waliomwimba, hakuna hata mmoja aliyekuwa amemtazama kwa makini. Aliyemtazama ni mimi.

Nilivua pete yangu. Ilikuwa bado ya moto. Niliiweka mezani karibu na kuku.

"Yusta," mama aliita.

"Nimemwonea wivu, mama. Na amekula rushwa. Simwombi radhi."